Tajiri anatoa fedha za nani?

Jumamosi moja hivi karibuni nilikuwa katika kibanda cha kuonyeshea mpira hapa Dar es Salaam, vile ambavyo vijana wetu wameviita vibanda umiza, na mgongo wangu unashuhudia kwamba jina hilo halikutolewa kwa makosa. Mpira ulikuwa bado haujaanza. Televisheni ilikuwa ikionyesha matangazo, na watu walikuwa wakipasha moto misuli ya ubishi.

Kijana mmoja aliyevaa jezi ya Manchester United alikuwa amesimama mbele ya benchi kama wakili. "Mwenye timu yetu ni bahili, basi!" alisema. "Anauza jezi dunia nzima, mimi mwenyewe hii hapa nimenunua kwa jasho langu. Halafu usajili unafungwa, tunaletewa mtu mmoja na nusu!" Mwenzake wa Arsenal akamjibu: "Sasa kaka, mbona kuna timu zimenunua watu kumi na bado zinafungwa?" Wa Chelsea akadakia, wa Liverpool akadakia, na mara milioni zikaanza kurushwa hewani kama karanga. Huyu kanunuliwa kwa milioni 80, yule milioni 100, tajiri wenu hana uchungu, tajiri wetu anajua mpira.

Mzee mmoja aliyekuwa anauza kahawa mlangoni aliwasikiliza, akatikisa buli lake, kisha akasema, "Wajukuu zangu, nyie mnahesabu fedha za watu." Kibanda kizima kikacheka. Mimi pia nilicheka, lakini nilipokuwa narudi nyumbani neno lile lilikataa kunitoka kichwani. Ni kweli tunahesabu fedha za watu. Tunajua ni ngapi. Swali ambalo sikulisikia hata mara moja jioni ile ni hili: watu gani hao?

Kwa maana, msikilizaji, tajiri wa mpira anaposemwa kuwa ametoa milioni 80, zipo njia kadhaa ambazo fedha hizo huweza kuwa zimepitia. Huenda zimetoka mfukoni mwake kweli, akatoa kama sadaka. Huenda zimetoka mfukoni mwake lakini ameikopesha klabu, na siku moja atazidai. Huenda amezikopa benki kwa jina la klabu. Au huenda hakutoa hata senti, fedha zimetokana na viingilio, televisheni na jezi ile aliyovaa kijana wetu, na yeye ametia saini tu. Siku mchezaji mpya anapoinua skafu mbele ya wapiga picha, njia zote hizo zinafanana. Tofauti huonekana baadaye, na mara nyingi huonekana kwa watu ambao hawakuwemo katika picha.

Kwanza tuelewane jinsi mchezaji anavyonunuliwa, kwa sababu hapo ndipo ubishi mwingi unapokwenda upogo. Bei tunayoisoma gazetini ni sehemu tu ya gharama. Tuseme klabu imemnunua kiungo kwa pauni milioni 50 na kumpa mkataba wa miaka mitano, mshahara pauni 150,000 kwa wiki. Mshahara huo kwa mwaka ni pauni milioni 7.8, na kwa miaka mitano ni milioni 39. Hapo hujamlipa wakala, hujalipa marupurupu ya ushindi. Mtu wa milioni 50 anakaribia milioni 90 kabla hajaumia goti.

Pili, ile milioni 50 aghalabu hailipwi siku moja. Hulipwa kwa awamu, kama wengi wetu tulivyonunua friji ama makochi. Na katika vitabu vya hesabu, bei hiyo hugawanywa kwa miaka ya mkataba, kwa hiyo kila mwaka huandikwa gharama ya milioni 10. Ndiyo sababu klabu ya Chelsea, baada ya kununuliwa na Wamarekani mwaka 2022, ilianza kuwapa wachezaji mikataba mirefu ajabu. Enzo Fernández wa Argentina, aliyenunuliwa mapema mwaka 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 100, alipewa mkataba wa miaka minane na nusu. Ukigawa bei kwa miaka minane, kila mwaka unaonekana mwepesi. Wakubwa wa mpira wa Ulaya walilitambua jambo hilo, na mwaka huo huo wakaamua kwamba katika hesabu zao bei haitagawanywa zaidi ya miaka mitano.

Kuna upande mwingine wa hesabu hiyo ambao unawauma washabiki zaidi. Mchezaji uliyemlea mwenyewe tangu utotoni hana bei ya kugawanywa, kwa sababu hukumnunua. Ukimuuza, fedha zote zinaandikwa faida siku hiyo hiyo. Hivyo klabu inayotaka kununua mgeni hujikuta inamuuza mwenyeji, mtoto wa mtaani pale pale, ambaye baba yake na babu yake wamekalia viti vile vile vya uwanja ule. Mnapopiga kelele kwamba tajiri alete nyota, wakati mwingine hiyo ndiyo bei.

Lakini nisiwachoshe kwa hesabu. Nataka kuwapeleka Portsmouth.

Huo ni mji wa bandari kusini mwa Uingereza, mji wa wanamaji, na klabu yake ina historia ya heshima. Ilichukua ubingwa wa Uingereza mara mbili mfululizo, mwaka 1949 na 1950. Ilichukua Kombe la FA mwaka 1939, kisha vita kuu ikazuka na mashindano yakasimama, kwa hiyo kombe likabaki mikononi mwao hadi 1946, na hakuna klabu iliyokaa nalo muda mrefu kama huo kwa ushindi mmoja. Baada ya hapo ikaja miaka mingi ya kuishi kwa kumbukumbu. Uwanja wao wa Fratton Park ni wa zamani, umebanwa na nyumba, unaingiza watazamaji wapatao elfu 20. Shikeni tarakimu hiyo.

Mwaka 2006 akaingia tajiri mwenye asili ya Kirusi, Alexandre Gaydamak, kwanza kama mbia na baadaye kama mmiliki pekee. Kocha alikuwa Harry Redknapp, mtu ambaye, kama wasemavyo wanaomjua, akiona soko la wachezaji hushindwa kupita bila kununua. Wakaja Sol Campbell, Nwankwo Kanu na John Utaka wa Nigeria, Sulley Muntari wa Ghana, Papa Bouba Diop wa Senegal, Lauren wa Cameroon. Wakaja Jermain Defoe na Lassana Diarra. Kwetu Afrika timu ile ilipendwa, maana ukitazama kikosi chake ulikuwa unaona kama Kombe la Mataifa limehamia baharini huko.

Machi 2008 wakaenda Old Trafford katika robo fainali ya Kombe la FA. Kipa wa Manchester United aliyekuwa langoni akatolewa kwa kadi nyekundu, beki Rio Ferdinand akavaa glovu, Muntari akapiga penalti, ikawa bao moja kwa bila. Tarehe 17 Mei mwaka huo, uwanjani Wembley, Kanu akafunga bao pekee dhidi ya Cardiff City, na Portsmouth ikabeba kombe baada ya miaka 69. Novemba yake AC Milan yenyewe ikaja Fratton Park katika Kombe la UEFA. Wenyeji walikuwa mbele mabao mawili kwa bila, kisha Ronaldinho akafunga kwa mpira wa adhabu, na Inzaghi akasawazisha dakika za nyongeza.

Sasa niambie, msikilizaji, ni mshabiki gani wa Portsmouth angesimama siku ile ya Wembley akauliza habari za vitabu vya hesabu? Angepigwa mawe. Na mimi simlaumu. Lakini hesabu zilikuwepo. Katika msimu ule wa kombe klabu iliingiza takriban pauni milioni 70, na kiasi cha milioni 55 kati ya hizo kilikwenda kwenye mishahara. Kwa uwanja wa watu elfu 20! Mfanyabiashara wa duka la kona angekuambia kwamba hapo hakuna duka, kuna mtu anayejaza rafu kwa fedha zake na kwa mikopo, na siku akichoka, rafu zitabaki tupu.

Akachoka. Mwaka 2008 dunia ilipatwa na mtikisiko wa mabenki, na kufikia mwisho wa mwaka zikasikika habari kwamba klabu inatafutiwa mnunuzi. Redknapp alikwishaondoka Oktoba kwenda Tottenham. Muntari alikwishauzwa Inter Milan. Diarra akaenda Real Madrid, Defoe akamfuata Redknapp, na mwaka 2009 wakaondoka pia Glen Johnson, Peter Crouch na Niko Kranjčar. Nyota wote wale waliopokewa kwa ngoma walikuwa sasa wanauzwa ili kulipa benki na kulipa klabu nyingine zilizokuwa bado zinadai awamu zao.

Msimu wa 2009/10 klabu ilipita mikononi mwa wamiliki wanne. Wanne, ndugu zangu, katika msimu mmoja! Wachezaji walicheleweshewa mishahara zaidi ya mara moja. Mamlaka ya kodi ikaenda mahakamani kuomba klabu ifungwe. Februari 2010 Portsmouth ikawa klabu ya kwanza katika historia ya Ligi Kuu ya Uingereza kuwekwa chini ya msimamizi wa kisheria, yaani mtu anayekabidhiwa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni ili aangalie kinachoweza kuokolewa. Wakanyang'anywa pointi 9, wakashuka daraja. Na, kama kwa kejeli ya majaliwa, timu ile ile iliyokonda ikafika tena fainali ya Kombe la FA mwaka huo, ikafungwa na Chelsea bao moja.

Msimamizi alipofungua vitabu alikuta madeni ya karibu pauni milioni 120. Wadai walikuwa wa kila aina. Kulikuwa na mabenki, na mamlaka ya kodi, na klabu za nje. Na humo ndani, katika orodha ndefu, walikuwemo St John Ambulance. Hawa ni chama cha watu wa kujitolea, wale wanaokaa pembeni mwa uwanja na machela, mtazamaji akizimia wanakimbia. Walikuwa wanadai pauni 2,702.

Nilipoisoma tarakimu hiyo kwa mara ya kwanza nilidhani pameachwa sifuri kadhaa. Hapana. Pauni elfu mbili na mia saba na mbili. Mshambuliaji wa kawaida wa timu ile alikuwa akipokea zaidi ya hapo kabla ya kumaliza chai ya asubuhi ya Jumanne. Na sasa sikilizeni kanuni. Katika mpira wa Uingereza ulikuwepo utaratibu kwamba klabu ikifilisika, wanaolipwa kwanza na kwa ukamilifu ni wa ndani ya mpira, yaani wachezaji na klabu nyingine. Wengine wote, mtu wa kodi, muuza maua, mchapishaji wa tiketi, hao wa machela, wanagawana makombo. Kwa Portsmouth makubaliano ya 2010 yalikuwa senti 20 kwa kila pauni, tena kwa kulipwa polepole.

Wahenga walisema mla mbuzi hulipa ng'ombe. Kule mambo yalikwenda kinyume. Mbuzi aliliwa na watu ambao tayari walikuwa Madrid na London, na ng'ombe akadaiwa kwa watu wa Portsmouth. Watumishi wapatao 85 wa klabu walipoteza kazi mwezi Machi mwaka ule. Hao si wachezaji, ni makarani, wahudumu, watu wa ofisini, na wengi wao bila shaka walikuwa washabiki walioshangilia bao la Kanu.

Na haikuishia hapo. Februari 2012 klabu ikaanguka tena chini ya msimamizi, ikapoteza pointi 10, ikashuka hadi daraja la tatu, na mwaka 2013 hadi la nne. Kutoka kucheza na AC Milan hadi daraja la nne ni miaka mitano kasoro.

Kuna watakaosema kwamba Portsmouth ilikuwa bahati mbaya, tajiri wake hakuwa tajiri wa kutosha. Haya, tuwatazame wengine kwa haraka. Leeds United haikuwa na tajiri wa mafuta. Ilikopa pauni milioni 60 kwa kuweka rehani viingilio vya miaka ijayo, ikamnunua Rio Ferdinand kwa milioni 18 mwaka 2000, na mwaka 2001 ikafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Mkopo ule ulihitaji timu icheze ligi hiyo kila mwaka. Ikakosa. Ikashuka daraja mwaka 2004, ikauza hata uwanja wake wa Elland Road, na ilichukua miaka 16 kurudi Ligi Kuu. Nguo ya kuazima, wazee walisema, haisitiri maungo.

Chelsea ndiyo mfano wa tajiri wa kutosha kweli. Roman Abramovich aliinunua mwaka 2003, akamwaga fedha, makombe yakaja. Lakini fedha zile ziliandikwa kama mkopo, na ilipofika 2022 deni lilikuwa limepita pauni bilioni moja na nusu, analodai mtu mmoja. Vita vya Ukraine vilipozuka, serikali ya Uingereza ikamwekea vikwazo, na kwa majuma kadhaa klabu kubwa kama ile haikuruhusiwa kuuza tiketi mpya wala jezi dukani kwake. Deni hatimaye lilifutwa klabu ilipouzwa. Washabiki wa Chelsea wana haki ya kusema mambo yaliisha salama. Mimi nasema tu kwamba kwa majuma yale usalama wao haukuwa mikononi mwao.

Na huyu kijana wetu wa Manchester United? Hapa nadhani ana haki kuliko wote waliokuwa kibandani, ila hoja yake aliishika mkiani. Familia ya Glazer ilipoinunua klabu ile mwaka 2005 kwa kiasi cha pauni milioni 790, sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo, na mkopo ukatwikwa juu ya klabu yenyewe, ambayo kabla ya hapo haikuwa na deni. Yaani mtu ananunua nyumba yako, kisha kodi unayomlipa ndiyo inalipa benki iliyomkopesha kukununua. Riba peke yake imekula mamia ya milioni. Mwaka 2010 washabiki walijaza uwanja kwa skafu za kijani na manjano, rangi za klabu enzi ilipoitwa Newton Heath, kuonyesha kwamba wanaipenda timu na hawampendi mwenye timu. Wengine walikwishaondoka tangu 2005 wakaunda klabu yao wenyewe, FC United of Manchester.

Lakini kusema klabu hiyo hainunui si kweli. Mwaka 2016 walimnunua Paul Pogba kwa pauni milioni 89, bei ambayo haikuwa imewahi kulipwa duniani. Mwaka 2022 walimnunua Antony kwa zaidi ya milioni 80, na hilo nisilizungumze sana nisije nikatukanwa njiani. Klabu inatumia. Anachopaswa kuuliza kijana wetu ni kwamba kati ya shilingi aliyotoa kununua jezi, ni kiasi gani kilifika kwa mchezaji na kiasi gani kilikwenda kulipia manunuzi ya mwenye mali.

Waingereza wenyewe walijaribu kuweka uzio. Tangu mwaka 2013 Ligi Kuu iliweka kanuni kwamba klabu isipate hasara inayozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Everton ilivuka, na Novemba 2023 ikakatwa pointi 10, zikapunguzwa kuwa 6 kwa rufaa, kisha mwaka 2024 ikakatwa nyingine 2. Nottingham Forest ilikatwa 4. Washabiki wengi walikasirika, wakasema kanuni inawalinda wakubwa wanaoingiza fedha nyingi na kumfungia mlango mdogo mwenye tajiri mpya. Hoja hiyo siidharau. Mdogo anaambiwa asikope ili asife, lakini mkubwa alikwishakuwa mkubwa zamani, wakati hakuna aliyekuwa anahesabu. Mwaka 2025 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuunda chombo huru cha kusimamia klabu, na nadhani orodha ya wadai wa Portsmouth ni moja ya sababu.

Sasa turudi nyumbani, maana najua wapo wanaonung'unika kwamba mtangazaji ametupeleka Ulaya na kutuacha huko. Sisi neno letu la zamani si mmiliki, ni mfadhili. Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, jina la mfadhili Azim Dewji lilikuwa midomoni mwa watu sawa na majina ya wachezaji. Tulitoka sare Abidjan, tukafungwa mbili hapa nyumbani na Stella, na wako watu wazima hadi leo hawapendi kuikumbuka siku ile. Mfadhili alikuwa hana hisa. Alikuwa anatoa kwa mapenzi na kwa heshima, na siku mapenzi yakipoa hapakuwa na karatasi ya kumdai. Yanga nao walilionja hilo. Yusuf Manji alipojiuzulu uenyekiti mwaka 2017, klabu iliingia katika ukata, hata ikafika mahali wanachama na washabiki wakapitishiana bakuli ili timu isafiri na wachezaji wale. Kuna walioichekea Yanga wakati ule. Mimi niliona bakuli lile lilikuwa na heshima kuliko mkopo wa Leeds, maana kila aliyetia alijua anatia cha nani.

Tangu hapo tumebadilika. Mwaka 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni ya kuwekeza Simba, hisa 49 kwa mia kwa shilingi bilioni 20, wanachama wakibaki na 51. Yanga walipitisha mfumo wa namna hiyo mwaka 2021. Makombe na safari za Afrika zimekuja, Yanga wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 na Simba wakafika mwaka 2025. Na ubishi wa vijiweni umebadilika vilevile. Siku hizi hatuulizi tena kama kuna mfadhili. Tunauliza mwekezaji ametoa kiasi gani, amemleta nani kutoka Abidjan ama Kinshasa, na mwenzake wa ng'ambo ya Jangwani amemzidi dau au hakumzidi.

Hapo ndipo ningependa mwanachama mwenye kadi, si mshabiki tu, asimame katika mkutano mkuu aulize maswali ya duka la kona. Mishahara ni kiasi gani katika mapato? Fedha za mwekezaji zimeandikwa kama hisa au kama mkopo? Akiondoka kesho, mikataba aliyoisaini inabaki kwa nani? Maana 51 kwa mia ni zenu, ndugu zangu, na mwenye sehemu kubwa ya nyumba ndiye mwenye sehemu kubwa ya deni.

Portsmouth walijifunza kuuliza. Aprili 2013, klabu ikiwa inakaribia kuzikwa, washabiki walijikusanya. Zaidi ya watu elfu mbili walinunua hisa za pauni 1,000 kila mmoja, wengine kwa kuungana ndugu na majirani, na pamoja na matajiri wachache waliokuwa washabiki wenzao wakainunua klabu yao kutoka kwa msimamizi. Ikawa ndiyo klabu kubwa kuliko zote nchini Uingereza kumilikiwa na washabiki. Mwaka uliofuata walikuwa wamemaliza madeni ya zamani. Hawakuwa na nyota. Walicheza daraja la nne kwa miaka minne, katika viwanja ambavyo Kanu hakuwahi kuvisikia, na mwaka 2017 wakapanda wakiwa mabingwa, kwa tofauti ya mabao, siku ya mwisho ya msimu.

Na mwaka huo huo akaja tajiri. Michael Eisner, Mmarekani aliyewahi kuiongoza kampuni ya filamu ya Disney, alitaka kuinunua klabu kwa pauni milioni 5.67, na akaahidi kutia milioni 10 nyingine. Hapo ndipo ningependa kuwa pembeni mwa mkutano nikisikiliza. Watu wale wale waliochomwa na tajiri, waliotoa akiba zao kuiokoa timu, walitakiwa kuamua kama waendelee kuwa maskini huru au wamwamini tajiri mwingine. Walibishana kwa majuma. Wapo waliosema uwanja unaoza na wao hawana fedha za kuutengeneza. Wapo waliosema hawatoi tena ufunguo kwa mtu asiyekaa mjini kwao. Mwishowe wakapiga kura, na kwa wingi mkubwa wakaamua kuuza, baada ya kuweka masharti ya kulinda vitu kama nembo na rangi za klabu.

Eisner hakumwaga fedha. Alitengeneza uwanja, akalipa mishahara kwa wakati, na timu ikakaa daraja la tatu hadi 2024 ilipopanda daraja la pili ikiwa bingwa. Ilikuwa miaka 7. Na katika miaka hiyo, kwenye mabaa ya mji ule wa wanamaji, ilianza kusikika sauti ambayo kijana wetu wa kibanda umiza angeitambua mara moja: huyu Mmarekani ni bahili, hana uchungu na timu, kwa nini hanunui?